Mishikaki ya Senje

Kutoka Kakamega unafuata barabara ya Kisumu hadi Sigalagala, kisha unakata kulia kuelekea Butere. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuanzia hapo ilikuwa murram tupu: vumbi jekundu asubuhi, matope jioni, maana mvua ya Kakamega haina haja ya kuitwa ili inyeshe alasiri. Bukura utaijua kabla hujafika. Kwanza miti iliyopandwa kwa mstari, halafu ua wa chuo cha kilimo, kilichokuwepo pale tangu miaka ya 1920, enzi za mkoloni. Ndani ya ua, ng'ombe wa gredi walionona kuliko wote wa kijijini. Wanafunzi wenye gambuti wanavuka barabara, madaftari kwapani. Baada ya hapo ndipo soko.

Tushuke hapa sokoni, basi, maana ni Jumamosi na Senje anakuja.

Senje ni dada ya baba. Aliolewa Mumias, kwenye nyumba ya Waislamu, na huko ndiko alikojifunza mapishi ambayo kwetu hayakujulikana. Mumias ni mji wa Nabongo Mumia, na misafara ya Waswahili kutoka pwani ilitua pale tangu karne ya 19, ikaacha msikiti, kanzu na bizari. Sisi watoto hayo hatukuyajua. Tulijua tu kwamba Senje akiteremka kutoka matatu ya Butere, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, kikapu chake kitanuka iliki, na nguo zake zitanuka molasi, kwa sababu Mumias nzima ilinuka kiwanda cha sukari wakati huo.

"Mulembe, mwana wa ndugu yangu," atasema, na kabla hujamaliza kuitikia amekukabidhi kikapu.

Bucha lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, gogo la mti lililochakaa katikati kwa kupigwa shoka, na mizani iliyoning'inia. Senje hakununua nyama bila kuuliza nani amechinja, ingawa alilijua jibu. Mwenye bucha naye alijua kuwa ataulizwa, akajibu bila kuinua macho: "Mzee wa kofia, mama." Ndipo alipoanza kuchagua. Steki, si ya mbavu. Vipande vichache vya mafuta ya kidari. Mwenye bucha akichomeka mfupa ili kutimiza uzito, Senje aliutoa kwa vidole viwili na kuuweka juu ya gogo. "Huu mpe mbwa wako, mwanangu." Kisha nyama ilifungwa kwenye gazeti, na damu ikaanza kupita katikati ya habari za siasa kabla hatujafika nyumbani.

Ng'ombe huyo, msomaji, hakuwa wa chuo. Alikuwa wa kienyeji, aliyevuta jembe misimu kadhaa ndipo akaliwa. Nyama yake ilikuwa tamu na ngumu, na kwa kawaida mama aliichemsha mchana kutwa. Kukhu, mama yake baba, meno yake yalikuwa yamebaki machache, kwa hiyo siku ya nyama yeye alikunywa supu, akachovya ugali, na vipande vyake akatugawia sisi. Tuliona ni ukarimu.

Nyuma ya jiko letu ulisimama mpapai. Senje alilitaka tunda lililokuwa bado kijani, gumu, lenye utomvu mweupe unaowasha vidole. Alilikwangua kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa kwa misumari, maganda na yote. Ndani ya utomvu ule mna kitu kinachoitwa papeini, kinachovunja nyuzi za nyama. Yeye hakulijua jina hilo, lakini kazi yake aliijua kwa saa: kwa nyama ya Bukura, saa mbili. Kijiko kimoja cha papai kwa kila kilo, si zaidi. Tangawizi na kitunguu saumu tulivitwanga kwenye kinu kidogo hadi macho yakatutoka machozi. Kikapu cha Mumias kilitoa bizari nyembamba, pilipili manga, na donge jeusi la ukwaju lililofungwa kwenye nailoni. Ndimu ilikamuliwa juu ya yote. Aliichanganya kwa mkono, polepole, akiigeuzageuza nyama kwenye sufuria huku akisimulia mambo ya Mumias, nani kaoa, nani kapoteza shamba la miwa kwa deni. Sufuria ilifunikwa kwa sahani, na juu ya sahani likawekwa jiwe, kwa ajili ya paka.

Vijiti tulivipata kwa fundi wa baiskeli aliyekaa chini ya mti wa lusiola njia panda. Spoki kuukuu alitupa bure, tukazinyoosha kwa nyundo, tukazichonga ncha kwenye jiwe, tukazisugua kwa majivu na mchanga. (Leo singemshauri mtu. Spoki nyingi hupakwa zinki, na zinki haifai kwenye moto wa chakula. Vijiti vya chuma cha pua si ghali. Lakini ndivyo tulivyofanya, na ndivyo wengi walivyofanya hata pwani.)

Kisha mvua. Ilikuja saa tisa kutoka upande wa msitu, na radi, mara nyingine na mvua ya mawe iliyopiga mabati hadi tukashindwa kusikizana. Tulikaa jikoni na kuku walioloa, harufu ya ndimu na saumu ikipenya chini ya ile sahani. Sijui saa ndefu kuliko hizo. Senje alituzuia kufunua. "Nyama haitazamwi kama mgonjwa," alisema.

Mvua ilipokatika, ardhi ikifuka, baba alipanga matofali safu mbili uani na kutia magunzi ya mahindi katikati ili kuwashia makaa. Makaa ya mpera, yakipatikana, maana yanashika moto taratibu na hayarushi cheche. Senje alitunga: nyama, nyama, mafuta, nyama, akiacha nafasi kidogo ili moto upite. Chumvi aliinyunyiza wakati huo, si mapema, akisema chumvi ya mapema hukamua maji. Bua la mchaichai alilipondaponda ncha mpaka likawa brashi, akalichovya kwenye mafuta na ukwaju, na kila alipopaka, mafuta yalidondoka, moto ukaruka, moshi ukapanda na kuvuka ua wa michongoma hadi kwa majirani. Kazi yangu ilikuwa kupepea kwa kifuniko cha sufuria. Ndani, redio ya baba ilikuwa ikisoma salamu za wasikilizaji.

Sasa nikwambie jambo ambalo kwetu halikuwa dogo. Katika nyumba ya Waluhya, kuku ana ramani. Imondo, yaani firigisi, ni ya mwenye nyumba au mgeni wa heshima, na ole wake mke atakayeisahau jikoni. Mtoto anajua mapema kwamba sehemu yake ni shingo na miguu. Lakini mshikaki hauna imondo. Kila mmoja alipewa spoki yake, vipande sawa, kutoka kwa baba hadi kwa mdogo wetu wa mwisho. Mara ya kwanza baba aliishika ile spoki akiigeuza, akitafuta mahali pa kuanzia. Senje akaiga sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni: "Je, huu ni ungwana?" Baba alicheka hadi akaweka spoki chini.

Kukhu alikaa kwenye kigoda chake mlangoni. Mama alikuwa ameshamchemshia supu kama kawaida. Senje aliisogeza pembeni, akachomoa vipande kutoka kwenye spoki ya kwanza kabisa, akavipoza kwa kuvipuliza, akamwekea kwenye sahani ya bati pamoja na kachumbari. Kukhu aliweka kimoja mdomoni. Akatafuna, akameza. Akachukua cha pili. Alimaliza spoki nzima, akalamba kidole cha ukwaju, akauliza kama kuna nyingine. Siku hiyo hakumgawia mtu.

Mimi leo naamini papai lile lote, na safari ile ya matatu mbili kutoka Mumias, vilikuwa kwa ajili ya meno ya mama yake. Senje hakuwahi kusema. Mishikaki ya barabarani nimekula miji mingi tangu wakati huo, mingine mizuri kweli, lakini mingi huungua nje na kugoma ndani, kwa sababu muuzaji hana zile saa mbili.

Kwa hiyo ukijaribu kwako, chagua nyama ya ng'ombe aliyefanya kazi, usinunue laini. Papai kijiko kimoja kwa kilo, na saa mbili tu. Ukiiacha ilale usiku kucha, asubuhi utakuta uji wa nyama, na spoki haishiki uji.