Kalamu ya mti huko Kisangani

Kisangani ni mji wa mbao, lakini vipande vidogo vinaishia motoni. Katika atelie moja niliona vipande viwili vya afrormosia, vifupi kama kidole, vikigeuka kalamu. Fundi anavitoboa kwa urefu, anabandika mrija wa shaba ndani, kisha anavikereza kwenye mashine kwa patasi. Katikati panabaki panene, ncha nyembamba, rangi ya tumbaku: utadhani sigara kubwa ya mzee! Inafuata msasa, nta na wino wa biki.

Tangu 1992 biashara ya mti huu kati ya nchi inadhibitiwa, maana unapungua. Tusichome mabaki yake. Pale nilikuta vijana wanaume tu. Mabinti wetu nao wajifunze. Kazi hii inaomba uvumilivu kuliko nguvu.