Mpelelezi Anayekosea

Vitabu 13 vya Colin Dexter (1975 hata 1999) juu ya Inspekta Mkuu Morse, mpelelezi wa polisi wa mji wa Oxford, Uingereza, hutia ubishi kati ya wanaovisoma. Wengine hunung'unika: mpelelezi gani huyu, anayeogopa kutazama maiti, anayemwachia sajini wake Lewis kulipia bia, na tena huwatuhumu wasio na hatia? Katika kitabu cha pili, cha mwaka 1976, amtafuta msichana wa shule aliyepotea. Ajenga hoja, yabomoka. Ajenga nyingine, nayo yabomoka. Msomaji huchoka, wasema.

Sisi twaona kinyume. Mpelelezi asiyekosea kamwe hupendeza hadithini, lakini tungeogopa kuhojiwa naye kituoni. Aliyetuhumiwa bure ana tumaini moja tu: kwamba mwenye mamlaka aweza kuiacha hoja yake, hata ikiwa nzuri namna gani. Morse huiacha, kwa hasira, kiburi kikimwuma, huku Lewis mtulivu akimwuliza swali dogo ambalo mwenye elimu hakulifikiri. Kwa ajili ya maswali hayo ya Lewis twavisoma tena.