Fungate Tunduma

Tulipowaambia watu kwamba fungate yetu ni Songwe, wengi walidhani hela zimeisha. Kweli zilikuwa zimeisha, harusi za siku hizi mnazijua. Lakini Zanzibar tungeweza kukopa. Mimi ndiye niliyeitaka Tunduma.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Nyumbani kwetu Dar es Salaam, Tunduma haikuwa mji, ilikuwa jibu. Baba yuko wapi? Tunduma. Atarudi lini? Hapo mama alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nilikua nikiapa kwamba mimi sitakuwa mwanamke wa kusubiri. Sasa nimeolewa, nina miaka 34, nikataka kwanza niuone huo mji.

Tulianzia Mbeya na gari la kuazima. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Kutoka hapo hadi Tunduma ni kama kilomita 100 tu, lakini sisi tulizifanya za siku mbili. Ukishavuka mto Songwe unapanda kuingia Mbozi, na kahawa inaanza: kijani kilichokoza kati ya mashamba ya mahindi yaliyokauka, na mbele ya nyumba buni imeanikwa. Mume wangu ni mtu wa Tanga, haamini kama kuna kijani kuliko cha Usambara. Siku hiyo alinyamaza. Nikauhesabu kuwa ushindi.

Tukaacha lami kwenda kijiji cha Ndolezi kukiona kimondo. Nilitegemea shimo kubwa, kumbe hakuna. Lipo pande la chuma lenye urefu wa kama mita 3, linalokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, limelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Wageni walianza kukiandika miaka ya 1930, wenyeji walikuwa wakikijua zamani. Nilikigusa. Baridi kama sufuria ya asubuhi.

Hapo simu ikaita. Mhariri wangu. Jumatatu naweza kwenda Kigoma, wiki tatu? Nikasema ndiyo, hata pumzi sikuvuta.

"Sina shida na kazi yako," mume wangu alisema tuliporudi garini. "Ungeniuliza tu." Kisha kimya, tukaipita Vwawa, tukaipita kahawa yote iliyobaki.

Tunduma inakupokea kwa malori kabla hujaona nyumba. Shaba inashuka kwenda bandarini Dar, mafuta na bidhaa zinapanda kwenda Zambia na Kongo, na yote yanapita kwenye lango hili moja. Kando ya tela moja mzee alikuwa akisonga ugali kwenye jiko la mkaa. Tukamwamkia. Nilipomwambia baba yangu alikuwa dereva, akatukaribisha tunawe. Aliposikia tuko fungate, alicheka mpaka akaegemea tairi.

"Hapa? Jamani, mwanangu! Sisi tunalipwa na bado hatupapendi."

Ilikuwa siku yake ya nne kwenye foleni. Simu yake ikalia, mkewe. Mikono ina unga, akaweka spika.

"Umekula?"

"Ndiyo nakula, na wageni. Nyie mmekula?"

"Tumekula. Sare ya mtoto nimeshanunua, usihangaike. Umesema unarudi lini vile?"

"Keshokutwa, mama. Keshokutwa."

Nilimtazama mume wangu. Tonge lilikuwa mkononi, hali. Miaka yote nimeogopa kuwa mama. Haikuwahi kunijia kwamba ningeweza kuwa baba.

Usiku ule, gesti, tukisikia malori yakinguruma nje, nilimwomba msamaha. Halafu nikampigia mama, nikamuuliza baba alikuwa anamuagaje. Alikaa kimya kidogo.

"Alikuwa anasema keshokutwa," akajibu. "Kila safari, keshokutwa. Hata mimi nilikuwa najua si kweli, lakini nilikuwa naihesabu."

Kigoma nilikwenda, kwa wiki mbili badala ya tatu. Kabla ya kuondoka niliizungushia duara tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya jikoni, mume wangu akiwa amesimama pembeni. Nilichelewa siku moja. Nilipiga simu kusema.