Hadithi Isiyo na Wasikilizaji

Akina mama wenzetu, wengi wetu tumekuzwa na "Paukwa!" na "Pakawa!" Bibi alisimulia, sisi tukasikiliza, na tangu mwanzo tulijua sungura atashinda. Likizo ya Desemba iliyopita tuliombwa, sisi akina mama wanne wa usharika, kujitolea kuwa wasimulizi wa hadithi ya namna nyingine katika kambi ya vijana. Hadithi hii haina wasikilizaji. Vijana wenyewe huingia ndani yake na kuiishi mchana kutwa.

Si tamthilia, maana hakuna jukwaa wala maneno ya kukariri. Kila kijana hupewa kikaratasi kinachomweleza yeye ni nani, anamjua nani, anataka nini na ana siri gani. Kisha hutembea, husema na kuamua kama mtu yule angeamua. Msimulizi ndiye anayejua siri zote. Hutangaza kwamba mvua haijanyesha, huigiza mchuuzi anayepita au karani wa kata, na kazi iliyo ngumu kupita zote, hunyamaza. Akianza kuwasukuma kwenye mwisho anaoutaka yeye, mchezo umekufa. Kwa sisi tuliozoea kusema "fanya hivi, acha vile" kuanzia alfajiri, si jambo dogo!

Mchezo wa aina hii si wa jana. Huko Uingereza mwaka 1982 watu walianza kuucheza katika ngome ya Peckforton, wakivaa kama mashujaa wa kale. Denmark, katika mji wa Hobro, ipo shule ya bweni iitwayo Østerskov, iliyofunguliwa mwaka 2006, ambayo hufundisha masomo yake kwa njia hii. Huko Marekani, miaka ya 1980, wazazi Wakristo wengi waliihofia michezo ya jamii hii kwa sababu ya wachawi na mapepo yaliyomo. Wetu haukuwa na mchawi. Ulikuwa na kisima kimoja, ukame na familia tatu.

Hata hivyo mama mmoja alitusimamisha baada ya ibada akauliza kama hatuwafundishi watoto kusema uongo. Ni swali la haki. Tulisoma naye 2 Samweli, sura ya 14, habari za yule mwanamke wa Tekoa aliyevaa nguo za matanga akajifanya mjane mbele ya mfalme Daudi, ili mfalme aamue kesi ya kubuni na kujiona mwenyewe ndani yake. Yoabu ndiye aliyempa maneno ya kusema. (Alikuwa msimulizi mjanja, na hatumsifu kwa mengine.) Mama yule hakuridhika kabisa, lakini mwanawe alimleta.

Wawili wetu ni wauguzi, kwa hiyo mambo ya usalama yalituangukia. Maji ya kunywa kila saa, dawa ya pumu mkononi mwa msimulizi na si ndani ya begi, na makofi matatu yakipigwa kila mtu anasimama na kuwa yeye mwenyewe. Aliyekipenda kikaratasi alikichukua, asiyekipenda alikirudisha.

Binti mmoja wa miaka kumi na mitano alichagua kuwa mjane. Saa tisa "mashemeji" walifika kwake kuchukua sufuria, wakicheka kidogo kama vijana. Binti hakucheka. Alikaa chini, akashika sufuria kifuani, machozi yakamtoka bila sauti. Tulipiga makofi. Mmoja wetu alimpeleka chini ya mwembe, nasi wengine tukabaki na kijiji kilichonyamaza.

Hapo hatukuwa na nia moja. Mwenzetu mmoja alitaka mchezo ufungwe palepale, kwa kuwa mtoto si kitu cha kujaribia. Mwingine alisema tukifunga, binti atabaki yule aliyeharibu siku ya wenzake. Yaliyosemwa chini ya mwembe ni ya binti na mama yake. Inatosha kusema kwamba sufuria ile aliijua.

Aliyetukata kauli ni yeye. Baada ya nusu saa alinawa uso, akasema anataka kurudi, ila si kama mjane. Anataka kuwa mzee wa baraza. Tulimpa kiti. Aliwaita mashemeji, akaamuru kila chombo kirudishwe kimoja kimoja, na kila anayekirudisha aseme kilinunuliwa na nani na kwa fedha ya kazi gani. Hakumtukana mtu. Wavulana wawili walishindwa kujibu wakabaki wameshika vikombe.

Jioni tulikaa duara, kila mmoja akavua jina la mchezo na kutaja lake. Hilo tulichukua zaidi ya saa nzima, wali ukapoa.

Desemba ijayo tumeombwa tena. Mama yule wa swali amejitolea kuwa karani wa kata.