Ukitaka Maji ya Mirihi, Panda Mlima Sharp

Anayeniuliza aanzie wapi kuitembelea Mirihi, simwelekezi Olympus Mons, ile volkano inayosifiwa na kila mtu kwa ukubwa wake. Namwelekeza Gale, kreta yenye upana wa kilomita 154, ambayo katikati yake umesimama Mlima Sharp wenye kimo cha kilomita 5 hivi. Njia imeshafunguliwa: Curiosity, gari la utafiti la NASA, lilitua humo Agosti 2012, na picha zake zinatutosha sisi tusio na nauli.

Chini kuna Yellowknife Bay. Ukipaangalia, ni sakafu ya mwamba iliyopasukapasuka, imefunikwa na vumbi jekundu. Mwaka 2013 Curiosity lilitoboa hapo tundu la sentimita 6 hivi, na unga uliotoka ulikuwa wa kijivu. Kumbe wekundu wote ule ni wa juujuu! Ndani ya unga mlikuwa na madini ya mfinyanzi, yanayotokea mwamba unapokaa na maji. Na maji yenyewe hayakuwa na tindikali kali wala chumvi nyingi. Mishipa myeupe ya salfeti ya kalsiamu, jamaa ya jasi, inakatiza mwamba huo. Tope lilikuwa limekwisha kuwa jiwe, likapasuka, na bado maji yakapenya kwenye nyufa.

Lakini utamu wa Gale ni kupanda. Kadiri unavyokwea, mfinyanzi unapungua na salfeti zinaongezeka. Aliyekulia karibu na mashamba ya chumvi ya pwani ataelewa upesi: chumvi hujitokeza maji yanapokwisha. Kwa hiyo huko juu wataalamu walitarajia ukavu. Mwaka 2022, katikati ya tabaka hizo za salfeti, wakakuta mikunjo ya mawimbi imegeuka jiwe, alama iliyo wazi kuliko zote ya ziwa la kina kifupi. Ziwa lilikauka, likarudi. Mimi hapo ndipo ningekaa kutwa nzima, nisubiri na machweo, maana huko jua huzama katika anga la buluu.

Juu zaidi, kwenye bonde la Gediz Vallis, gurudumu lilikanyaga jiwe Mei 2024 na kulipasua. Ndani mkawa na fuwele za manjano za salfa tupu, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana Mirihi. Mawe yanayofanana na hilo yametapakaa eneo zima, na namna yalivyofika pale bado ni ubishi.