Paka Hana Kesi

Desemba nilirudi nyumbani Ruhuwiko nikakuta paka kapigwa marufuku kuingia ndani. Mama ana vidonda vya tumbo, na jirani alishamwambia kwamba wadudu wa tumbo wanatoka kwa paka. Basi paka akawa analala nje na mvua zote zile, na mama akaacha dawa siku ya sita kati ya kumi na nne. "Chanzo nimekiondoa. Vidonge vinavyonichefua ni vya nini tena?"

Nikavuta kigoda jikoni. Mdudu wake anaitwa Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walimgundua kule Australia, na mwaka 1984 Marshall akamnywa mwenyewe, akaugua, ili wenzake waamini. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Paka na mbwa wana wadudu wa kwao, ndugu wa huyu, ambao huhamia kwa binadamu mara chache. Chini ya darubini wote wamejipinda. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachosema nani ni nani.

Tena vinasaba hivyo vina umbeya mkubwa zaidi. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba mdudu wa tumboni mwa simba na duma ametokana na wa binadamu. Sisi ndio tuliowapa.

Mama akacheka. "Kumbe simba ndio wa kutushtaki!"

Kisha akauliza nililokuwa nalikwepa. "Na wewe uliyekutwa naye mwaka jana, ulimtoa wapi?"

Nilijua jibu la vitabuni: wengi humpata utotoni, ndani ya familia, mara nyingi kwa mama. Nikasema, "Hata sijui, mama."

Mwandishi wa habari mzima, nikadanganya. Yeye akawa anakoroga uji, kimya.

"Nilikuwa nakutafunia nyama," akasema. "Hukuwa na meno."

"Na nikakua, mama."

Hakujibu. Lakini Jumatatu tulikwenda wote kwa daktari, maana dozi iliyokatwa humfundisha mdudu ukaidi, na safari hii alipewa dawa nyingine. Kila jioni nampigia simu kumuuliza kama amemeza. Siku ya kumi na nne alijibu kabla sijauliza, na nyuma ya sauti yake nikamsikia paka, yuko ndani.