Mito ya Viti vya Nje

Timau, 11 Februari 2024
Nchi hii ya mashamba ya ngano haina cha kuuzuia upepo. Kwa mteja wangu, viti vya nje ni vya mbao zenye nafasi katikati, na mito ilikuwa imetawanyika hadi kwenye ua. Watu huweka jiwe juu ya mto. Jiwe linachakaza kitambaa na halisaidii, kwa sababu upepo unapenya kwa chini, kwenye zile nafasi, na sponji ni nyepesi. Lazima mto ufungwe kwenye mbao zenyewe, nyuma na mbele. Ukifunga nyuma peke yake, unabinuka kama ukurasa wa kitabu.

Timau, 12 Februari
Kamba nimezishona ndani ya mshono wa foronya, nikarudia kwa msalaba. Kamba iliyobandikwa juu ya kitambaa hung'oka nacho. Uzi ni wa poliesta: wa pamba huoza kwa unyevu, wa nailoni huchoshwa na jua mapema zaidi.

Embu, 24 Machi
Nimeshuka kwa njia ya Chuka na Runyenjes. Huku kinachosumbua ni mvua, na shosho mwenye viti amenieleza vizuri kuliko ambavyo ningejieleza mwenyewe: "Fundi, usinifungie chini. Mawingu yakikusanyika, nitainama saa ngapi na magoti haya?"

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Fundo zuri ni lile ambalo mwenye mto anaweza kulifungua. Nimempimia mkanda wa begi, unaozunguka kiti na kukazwa ubavuni, pale mkono unapofika akiwa amesimama, kwa kifungo cha plastiki kama cha mabegi ya shule. Velkro nimeikataa, majani ya mgrivilea na nyuzinyuzi huijaza, ikaacha kushika.

Embu, 30 Aprili
Mvua haijapumzika. Ufunguzi wa shule umesogezwa hadi Mei 6 kwa sababu ya mafuriko, kwa hiyo wajukuu wako nyumbani, na ndio wanaokimbiza mito ndani. Hata yule mdogo anafungua mwenyewe. Mmoja ulilowa, nimewaonyesha kuusimamisha kwa ubavu, zipu ikiwa wazi upande wa chini, maji yachuruzike. Foronya zijazo nitazitia kipande cha wavu chini. Shosho anataka mikanda hiyo hiyo kwa benchi la kanisani, na nimemwambia kwanza niende nikalipime.